Je, tuuze shamba la minazi ili nikasomee utafiti wa nyenzo?

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24 kutoka Matondoni, kisiwani Lamu, mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto sita. Mwaka jana nilihitimu shahada ya kwanza ya kemia katika chuo kikuu kimoja cha hapa Kenya, nikapata daraja la pili la juu. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikifundisha watoto wa jirani hesabu na kemia wakati wa jioni, na asubuhi humsaidia babu yangu mzaa mama, ambaye ni fundi wa majahazi, kuandika hesabu ya mbao na misumari anayonunua kwa kazi zake.

Jambo lililonifanya nikuandikie lilianzia hapo kwa babu. Mwezi wa Machi ilipandishwa pwani mashua moja iliyokuwa ikivuja, na babu alipozitoa mbao mbili za ubavuni nilipokea mikononi misumari aliyoing'oa. Kichwa cha msumari kilikuwa bado kizima, lakini shingo, pale ilipokuwa imefichika ndani ya ubao, ilikuwa imekonda kama sindano ya kushonea kofia, na ubao ulioizunguka ulikuwa mweusi na laini, unachimbika kwa ukucha. Babu aliniambia kwamba mashua ile haijatimiza miaka mitano, kwamba misumari ya zamani ilidumu mpaka mbao zenyewe zichoke, na kwamba ya siku hizi haina roho. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Wewe ndiwe uliyesoma, niambie." Sikuwa na jibu, Mwalimu. Kutu niliisoma darasani, nikaifanyia mtihani na nikafaulu, lakini sikuweza kumweleza babu yangu kwa nini kichwa kimepona na shingo imeliwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kwa simu usiku, ndipo nikatambua kwamba iko taaluma nzima inayoshughulikia mambo haya, sayansi na uhandisi wa nyenzo, na kwamba wapo watu wanaoishi kwa kazi ya kuchunguza vyuma, plastiki, saruji, vioo na mbao. Nimetamani kuwa mmoja wao. Lakini nyumbani tumegawanyika. Ami yangu amenitafutia nafasi ya ukarani katika ofisi moja inayohusika na shughuli za bandari, na anasema kwamba utafiti ni kazi ya Wazungu wenye mashine, si ya msichana wa Matondoni. Mamangu anataka nisome, na kwa ajili yake baba amekubali kuuza nusu ya shamba la minazi alilorithi upande wa bara, ili alipwe wakala mmoja aliyenipatia barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja ng'ambo. Wakala anataka malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Babu hajasema neno.

Naomba unieleze kama kazi hii ina riziki ya kweli, kama shahada yangu ya kemia inatosha au ni lazima nianze upya uhandisi, na kama ni sawa shamba liuzwe. Na jambo moja zaidi linalonitia hofu ni kwenda mbali mahali ambapo hapana anayenijua wala anayejua nimetoka kwa nani.

Wako mtiifu,
Binti wa Matondoni

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kubebeshwa mambo mazito kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Naanza na shamba, kwa kuwa ndilo lililowekewa tarehe. Lisiuzwe. Nasema hivyo nikijua kwamba baba yako amelitoa kwa mapenzi, na kwamba kumkatalia mzazi aliyejitolea kiasi hicho ni kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Lakini katika taaluma hii, mwanafunzi anayefanya utafiti hasa, yaani anayeshika vifaa vya maabara na kutoa matokeo mapya, kwa kawaida hulipiwa, kwa sababu kazi yake ni sehemu ya mradi ambao mtu fulani ameombea fedha. Katika nchi kama Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, mwanafunzi wa uzamivu katika sayansi mara nyingi huandikiwa mkataba na kupewa mshahara kama mfanyakazi mwingine. Kwa uzamili upo ufadhili wa serikali ya Ujerumani kupitia DAAD, shirika lake la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, upo wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza, na upo wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ambao unazo programu kadhaa za nyenzo. Ushindani ni mkubwa na wengi hukosa mara ya kwanza, lakini anayekosa hubaki na minazi yake, akaomba tena mwaka unaofuata.

Mwulize wakala wako jambo moja tu: ni mhadhiri gani atakayesimamia tasnifu yako, na anafanya kazi katika maabara ipi? Asipoweza kukutajia jina, fahamu kwamba anachouza ni kiti cha darasani. Barua ya kukubaliwa si ufadhili. Utakaa miezi 12 ukisikiliza mihadhara, utarudi na cheti, na huenda usiwe umewahi kuachiwa hadubini ya elektroni uitumie peke yako hata siku moja. Wapo wanaojilipia masomo ya namna hiyo na wakafaidika, ila hao ni watu ambao fedha hizo zikipotea nyumba yao haitikisiki. Kwenu itatikisika, na mnazi uliokwisha kuzaa haurudishwi kwa mwaka mmoja wa kusoma.

Sasa tuje kwenye msumari, kwani humo ndimo ilimo kazi yako.

Chuma kilichomo baharini hakiliwi sawasawa kila mahali. Kichwa cha msumari kiko nje, kinapata maji yenye oksijeni tele, ilhali shingo imebanwa ndani ya ubao, inafikiwa na maji ya chumvi yaliyopenya polepole lakini oksijeni haifiki ila kidogo sana. Tofauti hiyo inaugeuza msumari mmoja kuwa kama betri ndogo: shingoni chuma kinatoa elektroni na kuyeyuka, na kichwani elektroni hizo zinapokewa na oksijeni. Ndiyo sababu uliona kichwa kizima na shingo iliyokonda. Ubao nao unaumia kotekote, kwa kuwa karibu na kichwa hutengenezwa alkali inayozilainisha nyuzi zake, na kandokando ya shingo hutengenezwa asidi, pamoja na ayoni za chuma ambazo huharakisha kuvunjika kwa selulosi, ile dutu inayozijenga nyuzi za ubao. Weusi uliouchimba kwa ukucha ni chuma kilichoungana na tanini ya mti, yaani ile dutu chungu iliyomo katika mbao na magome, nayo ndiyo kemia ileile iliyotumika kwa karne nyingi kutengeneza wino wa kuandikia. Mafundi wa vyombo vya mbao wa nchi nyingine wanaujua ugonjwa huu na wameupa jina la ugonjwa wa msumari.

Mpelekee babu maelezo hayo kwanza, kabla hujafanya lolote jingine, kwa sababu anakudai jibu.

Kisha usiyapuuze maneno yake kwamba msumari wa siku hizi hauna roho. Mimi nimeyasoma mara kadhaa, nami naona kwamba hilo ni swali la utafiti lililokamilika. Msumari wa mabati hulindwa na ngozi ya zinki, ambayo hujitoa kuliwa kabla ya chuma. Zinki hiyo hupakwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuuzamisha msumari katika zinki iliyoyeyuka, na hapo ngozi hufikia makumi ya maikromita (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), nyingi zikiwa kati ya 45 na 85. Ya pili ni kuipaka kwa umeme, ambayo mara nyingi huacha ngozi ya kati ya maikromita 5 na 25. Msumari uliozamishwa una rangi ya kijivu, unakwaruza kidoleni na hauvutii macho, hali uliopakwa kwa umeme unang'aa na ni laini. Mtu akinunua kwa macho atachukua unaong'aa. Sijui babu yako amekuwa akinunua upi, lakini wewe unaweza kujua, kwa kuwa daftari la manunuzi yake liko mikononi mwako.

Nitakueleza jinsi ningelifanya jaribio hili kama ningekuwa mimi. Nunua misumari ya inchi 4 ya aina tatu: isiyo na zinki, iliyozamishwa, na iliyopakwa kwa umeme. Ipime mmoja mmoja kwa mizani inayosoma walau sehemu ya mia ya gramu, ambayo naamini mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari iliyo karibu nawe hatakunyima, kisha uitie alama na kuigongomea katika vipande vya mbambakofi, au mti wowote ambao babu anautumia. Viachwe vipande hivyo mahali maji yanapojaa na kupwa, kwa idhini ya mwenye gati. Kila mwezi toa misumari mitano ya kila aina, uisafishe na uipime tena. Chuma kisicho na kinga baharini hupoteza takriban sehemu 1 ya 10 ya milimita kwa mwaka, hivyo msumari wa ukubwa huo ungepoteza yapata gramu 1 kwa mwaka, na upungufu wa mwezi mmoja utaonekana kwenye mizani yako. Weka kando misumari michache ambayo haikuingia majini, uisafishe kwa njia ileile na uipime vilevile, ili ujue ni kiasi gani kinaondoka kwa kusafisha tu. Wanafunzi wengi husahau hatua hiyo ya mwisho, na msimamizi mwenye uzoefu ndiyo anayoiuliza kwanza.

Gharama ya kazi yote hiyo haifiki bei ya mnazi mmoja, na matokeo yake, yakiandikwa kwa uangalifu, yatakufungulia milango ambayo barua ya wakala haiwezi kuifungua.

Halafu kuna jambo la karibu na hilo, nalo linahusu mikoko. Zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na magome ya mkoko na mkandaa yana tanini nyingi; zamani yalisafirishwa kwa ajili ya kusindika ngozi. Huko Malaysia watafiti wamechunguza tanini ya magome ya mikoko kama kizuia kutu, kwa kuwa inapokutana na kutu huigeuza kuwa utando mweusi mgumu. Lipo hapo jambo la kustaajabisha, kwamba kitu kilekile kinachougeuza ubao wa mashua kuwa mweusi huenda kikawa dawa ya chuma kikitumiwa kwa kipimo na mahali panapofaa. Ni mada ya uzamili yenye upana wa kutosha. Ila nakusihi, ukiingia humo usiuchune mti ulio hai, kwani mkoko uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Tumia magome ya boriti zilizokwisha kukatwa kwa kibali, ambayo kwa kawaida hutupwa.

Kuhusu shahada yako: inatosha. Sayansi ya nyenzo ni kama soko ambalo watu wa kemia, wa fizikia na wa uhandisi wanafika kila mmoja kwa njia yake. Mkemia anakuja na ujuzi wa miitikio, na kutu, rangi za kinga, plastiki, saruji na betri ni miitikio mitupu. Utakachopungukiwa ni elimu ya nguvu za nyenzo, yaani jinsi kitu kinavyonyooka, kinavyopinda, kinavyochoka na kinavyovunjika, pamoja na elimu ya fuwele na jinsi miale ya eksirei inavyotumika kuzisoma. Hayo utayasoma ndani ya mwaka mmoja wa uzamili. Tahadhari moja tu: hapa Kenya jina la mhandisi linalindwa na Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, na anayetaka kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi huhitaji shahada ya uhandisi inayotambuliwa na bodi hiyo. Kwa njia ya kemia utakuwa mwanasayansi wa nyenzo, utafanya utafiti na kufundisha, lakini hutaweka sahihi kwenye michoro ya daraja. Kama sahihi hiyo ndiyo unayoitamani, basi kweli itakubidi uanze upya. Nami kwa ulivyoandika sioni kwamba ndiyo unayoitamani.

Mahali pa kusomea hapana haja pawe mbali sana. Hapa pwani kuna Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na ningekushauri uanze kwa kusoma majina na machapisho ya wahadhiri wa kemia, fizikia na uhandisi wa vyuo hivyo viwili kabla ya kuvuka mpaka. Nairobi, Juja na Eldoret kuna watu wanaofanya kazi ya nyenzo kwa miaka mingi. Mjini Arusha, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela inapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na mojawapo ya skuli zake imebeba neno nyenzo katika jina lake, pamoja na nishati, maji na mazingira. Mjini Kigali kuna taasisi ya utafiti wa kimsingi ya Afrika Mashariki, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alikianzisha mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Kituo hicho cha Trieste kinatoa stashahada ya mwaka mmoja ambayo mwanafunzi halipii karo na hupewa fedha za kujikimu, ingawa anayeingia lazima awe na fizikia na hesabu za kutosha.

Iko pia njia isiyohitaji maabara kabisa, nayo ni ya kukokotoa kwa tarakilishi jinsi atomu zinavyoshikana. Programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bure, na tangu mwaka 2010 imekuwapo shule ya Kiafrika ya mbinu hizo inayofanyika kila baada ya miaka kadhaa katika nchi tofauti. Ya mwaka 2012 ilifanyika Eldoret. Nimewaona vijana wakijenga kazi nzuri kwa njia hiyo kwa sababu tarakilishi ni rahisi kupatikana kuliko hadubini. Lakini wewe uliguswa na msumari uliokuwa mkononi mwako, na nahofia ungechoka kuuangalia ukiwa tarakimu kwenye kioo. Jifunze kidogo, ikufae, usiifanye kuwa kazi yako yote.

Unauliza kama kuna riziki. Nitakujibu kwa ukweli ninaoujua. Nafasi za kudumu zenye jina la mtafiti wa nyenzo ni chache nchini, na mtu anaweza kukaa miaka kadhaa baada ya uzamivu akiishi kwa mikataba ya muda. Lakini ujuzi wenyewe unahitajika mahali pengi ambapo tangazo la kazi halilitaji jina hilo. Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda inaajiri watu wa namna hii. Shirika la Viwango linapima nondo, saruji, mabati na rangi kila siku. Idara ya serikali ya upimaji wa nyenzo inashughulikia barabara na majengo. Viwanda vya saruji na vya chuma vina maabara za ubora ambazo hazilali. Ukiongeza na vyuo, utaona kwamba riziki ipo, ila huja kwa milango ya pembeni, na anayeipata ni yule aliyejifunza kutumia vifaa fulani barabara kiasi cha kutafutwa na wengine.

Na hapo hapo Lamu kazi iko mbele ya macho ya ami yako. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2021. Zege la nondo linaloguswa na maji ya chumvi lina adui mmoja anayejulikana: kloridi iliyomo katika chumvi hupenya polepole mpaka kwenye nondo, huuvunja ule utando mwembamba unaolindwa na alkali ya saruji, nondo ikaanza kushika kutu, na kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka, zege hupasuka kutoka ndani. Gati lolote la baharini huhitaji mtu wa kulipima kwa miaka yote ya uhai wake. Katika mji wa kale, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kuna kuta za matumbawe na chokaa ambazo watu wamezikandika saruji wakidhani wanaziimarisha, kumbe saruji inauzuia unyevu kutoka, chumvi inajikusanya nyuma yake na plasta inabanduka. Anayeweza kueleza kwa vipimo ni chokaa ya namna gani, iliyochomwa kwa joto gani karibu na nyuzi 900 na ikakaa majini muda gani, ndiyo iufaayo ukuta fulani, huyo anahitajika leo.

Kwa hiyo sikatai ukarani ule moja kwa moja. Kama ofisi hiyo iko karibu na wahandisi wa gati, na kama hakuna njia nyingine ya kupata kipato sasa, uchukue kwa mwaka mmoja uliouhesabu wewe mwenyewe, ukijua mwezi wa kuingia na mwezi wa kutoka, na umwambie ami yako hivyo tangu mwanzo kwa heshima, ili asione baadaye kwamba umemvunjia uso. Lakini ukipata kazi ya usaidizi wa maabara, hata kama mshahara wake ni mdogo kuliko wa karani, ichukue hiyo.

Anaposema kwamba utafiti ni kazi ya Wazungu, mkumbushe kwa upole kwamba mwanajiografia Idrisi, katika karne ya 12, aliwaandika watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wafanyabiashara wa chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, amevichunguza vyuma vilivyofukuliwa katika miji ya kale ya Waswahili kwa njia zilezile za maabara unazotaka kujifunza. Mkumbushe deheni, mafuta na chokaa anazopaka fundi chini ya chombo: asidi za mafuta zinaungana na kalsiamu, zinakuwa sabuni isiyoyeyuka majini, inayoziba na kukinga. Mkumbushe na Flipflopi, jahazi lililojengwa hapo Lamu kwa taka za plastiki chini ya fundi Ali Skanda, likazinduliwa mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ubao wa plastiki hutanuka juani zaidi sana kuliko mbao na hulegea polepole ukibebeshwa uzito, na kila aliyegonga taruma la jahazi lile alikuwa akifanya kazi ya nyenzo.

Nikupe na onyo lililotoka katika maisha yangu. Nilipokuwa nikisoma uzamili, chuo nilichokuwa hakikuwa na hadubini ya elektroni, nikatuma sampuli zangu za chuma ng'ambo zikapigwe picha. Nilisubiri miezi saba. Zilipofunguliwa huko zilikuwa zimeshika kutu mpya safarini, kwa sababu sikuzifunga pamoja na chembe za kukausha unyevu, na picha zilizorudi zilikuwa picha za unyevu wa njiani. Nilianza upya nikiwa nimebakiwa na mwaka mmoja. Tangu hapo, kila mwanafunzi niliyemsimamia nilimtaka aipange tasnifu yake hivi: robo tatu ya matokeo yasimame juu ya vipimo anavyoweza kuvirudia mwenyewe karibu na alipo, na ile robo ya vifaa vya mbali iwe nyongeza. Upungufu wa vifaa ndio mzigo mkubwa wa mtafiti wa kwetu. Sitaki uugundue ukiwa katikati ya njia.

Hofu yako ya kwenda mahali usipojulikana naichukua kwa uzito, wala si udhaifu. Ndiyo sababu nyingine ya kufanya uzamili hapa pwani au Arusha, ambako utasikia lugha yako na kuweza kurudi Idi, kisha uzamivu, ukitaka, uende ng'ambo ukiwa tayari una jina la msimamizi anayekungoja na kazi yako mwenyewe mkononi. Anayekwenda hivyo hapokewi kama mgeni. Mhadhiri wa kule ameshasoma kazi yako, na walio katika maabara wanajua umetoka wapi na kwa nini unahangaikia misumari. Wazee wako nao watakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Utakapokuwa tayari kumwandikia mhadhiri, usimwandikie kwamba unaipenda sayansi tangu utotoni, kwa kuwa anapokea barua za namna hiyo kila siku. Mwandikie mistari kumi: umetoka wapi, umeona nini katika mashua ya babu, umepima nini kwa miezi mitatu, jedwali lako linaonyesha nini, ni kitu gani hukukielewa, na ni chapisho lake lipi lililokufanya umfikirie yeye. Ambatisha picha moja ya ule msumari, kichwa na shingo vionekane, na rula kando yake. Mwandikie kila mmoja barua yake, watu watano au sita, na ungoje wiki tatu kabla ya kumkumbusha.

Umesema babu hajasema neno. Naona amenyamaza kwa sababu alikuuliza swali naye bado anangoja jibu. Kaa naye kesho asubuhi na misumari ile, mweleze habari ya kichwa na shingo kama nilivyokueleza, kisha mwombe akuchagulie kipande cha mbambakofi cha jaribio, na baba yako awepo asikie. Ukishaitoa misumari ya mwezi wa kwanza majini na kuipima, niandikie tena uniletee uzito wake, wa kila aina mbali, pamoja na ile uliyoiweka kando.